Ufunguo wa Tatu

Simpendi mtu anayekuja kibandani kwangu na kifuniko cha tangi mkononi. Kabla hajanisalimia nimeshamchukia. Najua wengi wao ni watu wema, ufunguo umewapotea na wanataka msaada wa dakika kumi waende zao. Lakini moyo wa kuwachambua mmoja mmoja sina tena. Nawaambia pikipiki ije yenyewe, na kadi yake, na mwenye kadi. Wakininung'unikia nawaelekeza kwa fundi mwenzangu wa karibu na stesheni, Kigoma mjini. Yeye humchongea kila mtu, na funguo zake hukwama.

Kazi hii nilifundishwa na baba. Alikuwa fundi wa makufuli na masanduku ya wafanyabiashara hapa Ujiji, na kwa kuwa kaka zangu walikuwa hawakai kitako hata kwa kula, tupa akanipa mimi. Alinifundisha mengi niliyoyashika na mawili ambayo sikuyashika mpaka mwisho. La kwanza, usichonge ufunguo wa mlango ambao hujasimama mbele yake. La pili aliliita kuosha mkono. Kila alipomaliza ufunguo wa mtu, alichukua kipande cha bati bovu akakipiga tupa ovyo ovyo, mara kumi au kumi na tano, bila mpango wowote, kisha akakitupa. Alisema mkono wa fundi una kumbukumbu kuliko kichwa chake, na fundi anayetembea na funguo za watu mkononi ni mwizi ambaye bado hajaamua. Mimi niliona ni mambo ya wazee. Alipofariki nikaacha kuosha mkono, nikasema naokoa muda.

Swichi ya pikipiki hizi zinazobeba abiria haina maajabu. Ndani yake mna vibati vyembamba sita, kila kimoja na springi yake, na ufunguo una mabonde sita ya kuvilaza sawasawa ili silinda izunguke. Kifuniko cha tangi la mafuta hufunguliwa na ufunguo uleule, ila chenyewe kina vibati vinne tu. Kwa hiyo mtu akikuletea kifuniko peke yake, unaweza kusoma mabonde manne. Mawili ya mwisho, ya kwenye ncha, humo hayamo. Ufunguo wa mabonde manne utafungua tangi lakini hautawasha pikipiki. Msomaji alishike hilo, maana kosa langu lote limelala kwenye mabonde hayo mawili.

Ng'ambo ya barabara, mkabala na kibanda changu, kuna kijiwe cha bodaboda. Wengi pale huendesha kwa mkataba. Bosi ananunua pikipiki, dereva anailipia kidogo kidogo kila siku, na muda ukiisha pikipiki na kadi vinakuwa vya dereva. Ugomvi mkubwa wa mikataba hii ulikuwa ufunguo wa pili. Akikaa nao bosi, dereva hapati usingizi, kwa sababu bosi anaweza kuingiwa na tamaa mwezi wa mwisho akaja kuichukua pikipiki kimya kimya. Akikaa nao dereva, bosi naye anakesha akiwaza Burundi na Kongo. Wakazoea kuuleta kwangu. Wanakuja wote wawili, naujaribu kwenye swichi mbele yao, nauviringisha kwenye karatasi, nazungushia selotepu, wanatia sahihi juu yake, unaingia kwenye kopo la maziwa ya unga. Hautoki mpaka waje tena wote wawili. Sikutoza hata shilingi. Kopo lile ndilo lililokuwa heshima yangu mjini, na niliringa nalo kuliko mwanamke mwenye dhahabu.

Dereva ninayemkumbuka hapa alitoka Kidahwe, baba wa watoto wawili, mpole wa kunikera. Ufunguo wake aliuvaa shingoni kwa kamba ya kiatu na hakuwahi kumwachia mtu, hata mkewe. Kila asubuhi alivuka barabara kuja kunipa shikamoo. Wenzake walipunga mkono kutoka kule kule na kupiga kelele, "Vipi mama!" Yeye alivuka, akasimama, akashika mkono wa kulia kwa wa kushoto kama wafanyavyo kwao, ndipo akasalimia. Mara moja, wakati wa masika, ufunguo wake ulimvunjikia ndani ya swichi. Niliutoa kwa kibano, nikasoma swichi kibati kwa kibati, nikamchongea mwingine siku hiyo hiyo bila kugusa ule wa kopo. Vipande vya ule wa zamani nikaviponda kwa nyundo mbele yake. Mkono sikuosha.

Bosi wake alikuwa mtumishi aliyehamishiwa Kigoma kutoka mkoa mwingine, mtu wa kalamu mbili mfukoni na neno "utaratibu" mdomoni. Alilalamikia kila kitu chetu: vumbi, umeme, miba ya samaki wetu migebuka, na namna tunavyotamka maneno. Sikumpenda tangu siku ile waliyokuja kutia sahihi kwenye selotepu. Siandiki hivi ili nionekane nilimtabiri. Wengi siwapendi na hawajanikosea chochote.

Katika mkataba wao aliandika kwamba matengenezo yote yafanyike gereji anayoitaka yeye. Gereji hiyo ilikuwa ya mtalaka wangu.

Niliishi na mtu huyo miaka saba. Ni fundi mzuri wa injini, hilo simnyimi. Lakini alinioa akijua nashika tupa, kisha akatumia miaka yote saba kuniambia nina mikono ya mwanaume. Mbele ya ndugu zake, mbele ya wageni, hata siku ya Idi, nikiwa nimepakwa hina mpaka kwenye vifundo vya mikono, alinyanyua kiganja changu akawaonyesha watu sugu zangu, wakacheka. Alipoandika talaka niliikunja nikaiweka chini ya jiliwa la kubania vyuma, na kazi ikaendelea. Tangu hapo tukikutana barabarani mimi huvuka upande wa pili.

Kwa hiyo nilipomwona Jumatano ile asubuhi ananijia kibandani, nilijua hakuna la heri. Mkononi alikuwa na kifuniko cha tangi.

"Hujambo, fundi," akasema.

"Sema shida yako."

"Salamu ni bure jamani."

"Kutoka kwako hakuna cha bure."

Akakaa kwenye kiti cha wateja bila kukaribishwa. "Mteja wangu ufunguo umemwangukia majini pale Kibirizi, akishuka kwenye boti. Pikipiki iko kijijini kwao, haiwezi kuja. Nimekuja na kifuniko."

"Pikipiki ije."

"Nilijua utasema hivyo." Akakirusharusha kile kifuniko kiganjani. "Nimetoka stesheni sasa hivi. Yule fundi ameniambia bila swichi haiwezekani. Nikamwambia nina mtalaka wangu Ujiji, anajigamba kwamba ana mikono. Akacheka kweli kweli. Akasema kufungua tangi hata mwenye msumari ataweza, lakini kuumaliza ufunguo mzima kwa kifuniko kitupu, mwanamke huyo hajazaliwa. Nikaona aibu, nikamtetea. Sasa naona alisema kweli. Basi, acha, niende zangu."

Akasimama. Hapo ndipo ningemwacha aende. Mtu yeyote mwenye akili angemwacha aende, angefagia kibanda na kumshukuru Mungu. Lakini yule alijua kidonda changu kiko wapi, na alijua kukitonesha. Hasira hasara, tunawaambia watoto kila siku, na mimi nimewaambia wa kwangu mpaka wamechoka kunisikia.

"Lete," nikasema.

Mabonde manne niliyasoma upesi. Unaukoleza moshi wa mshumaa ufunguo ambao haujachongwa, unausukuma ndani, unautikisa kidogo, unautoa, na kila kibati kimeacha alama yake kwenye masizi. Unapiga tupa penye alama, unarudia. Kifuniko kilifunguka. Kama ningekomea hapo ningekuwa nimefanya kazi ya halali, na huyo mtu angeondoka na ufunguo wa kufungulia tangi, akafyonze petroli akitaka.

Sikukomea hapo. Nilifumba macho nikaendelea kwenye ncha.

Kwa siku mbili tatu baadaye nilijiambia kwamba nilikisia. Ni uongo. Fundi anapokisia tupa husita, hupiga moja akatazama, akapiga nyingine. Mkono wangu haukusita. Bonde la tano la kina, la sita la juu juu na mshazari kidogo kuelekea ncha. Nilisikia kitu moyoni, kama unapoiona sokoni sura unayoijua na jina halikujii. Nikakisukuma mbali. Nilikuwa natazama uso wa mtalaka wangu, nikingoja kuuona ukishuka.

Haukushuka. Aliushika ufunguo, akaugeuza kwenye mwanga, akatabasamu. "Mikono ya mwanaume," akasema, akaenda zake.

Siku nzima nilifanya kazi nikiimba.

Ijumaa dereva wa Kidahwe alimpeleka abiria Kibirizi. Abiria alikuwa na godoro na gunia la unga wa muhogo, na boti ilikuwa inaondoka. Dereva akafunga usukani, akaurudisha ufunguo shingoni, akabeba gunia mpaka majini. Aliporudi, mchangani palikuwa na alama ya tairi tu. Wanawake waliokuwa wakigeuza dagaa wakamwambia wamemwona mtu mwenye kofia ngumu akiingiza ufunguo, akawasha taratibu, akaondoka kama mwenye mali. Walidhani ni mwenzake.

Bado wiki tatu mkataba uishe.

Jumamosi asubuhi walikuja kibandani wote kwa pamoja. Bosi mbele, mwenyekiti wa kijiwe ubavuni pake, na nyuma yao madereva kadhaa wamemzunguka yule wa Kidahwe, si kwa kumsindikiza bali kwa kumlinda asikimbie. Shati lake lilikuwa limechanika kolani. Alinitazama akasema, "Shikamoo mama." Mpaka katika hali ile.

"Marahaba," nikasema. "Kuna nini?"

"Kuna utaratibu," akajibu bosi. "Tunaomba kopo."

Mwenyekiti wa kijiwe, mtu mzima wa Ujiji ambaye namheshimu, akanieleza yaliyotokea Kibirizi. Nikaleta kopo. Nikatoa kifurushi chao nikakiweka mezani. Selotepu ilikuwa nzima, sahihi zote mbili zilikuwa pale, wino haujapasuka. Mwenyekiti akakigeuza pande zote, akakinyanyua watu wakione.

"Fundi wetu hana doa," akasema. "Hili kopo ni amana."

Watu wakaitikia. Nilijisikia vizuri, sitasema uongo. Nilijisikia vizuri kwa muda wa kuhesabu moja mpaka tano.

Kisha bosi akatoa kalamu mfukoni, ingawa hakuwa na cha kuandika. "Sasa twende taratibu," akasema. "Funguo za pikipiki hii ni ngapi?"

"Mbili," akasema mwenyekiti.

"Mmoja ni huu, haujaguswa, mmeona wenyewe. Wa pili?"

Watu wote wakamtazama dereva shingoni.

"Swichi haikuvunjwa," bosi akaendelea. "Hakuna hata kipande cha plastiki kilichookotwa pale. Mtu kaingiza ufunguo kawasha. Kama si huu wa kopo, ni huo wake. Kamwazima mtu, wameiuza, sasa hivi iko ng'ambo ya ziwa. Nataka pikipiki yangu au nilipwe yote, na leo alale kituoni."

"Yewe mama!" Dereva alinigeukia mimi, si bosi. "Sijamwazima mtu. Wewe unanijua. Haujatoka shingoni, hata nikioga."

Kile kile tulichokiweka kumlinda ndicho kilichokuwa kinamfunga. Kopo langu safi lilikuwa shahidi wa bosi. Dereva mmoja nyuma akapaza sauti kwamba huyu mwizi anatuharibia jina kijiwe kizima, mwingine akamshika tena kola, na nikaona namna watu wanavyoanza kusogeza miguu. Ujiji tunajua mwizi wa pikipiki hufanywaje kabla hajafika kituoni.

Hapo jina la ile sura ya sokoni likanijia. Kifuniko cha tangi. Bonde la tano la kina, la sita la juu juu. Masika, ufunguo uliovunjika, swichi niliyoisoma kibati kwa kibati. Mtalaka wangu, gereji, bosi. Vyote vilifika kwa wakati mmoja.

Nilitaka kunyamaza. Naandika hivyo kwa kuwa ndivyo ilivyokuwa. Nilimchukia bosi, nilimchukia mtalaka wangu mpaka mate yakawa machungu, na wakati huohuo nilitaka kunyamaza, kwa sababu hakuna aliyenishuku, na mwenyekiti alikuwa ametoka kusema sina doa. Nilimchukia hata yule dereva, kwa upole wake na shikamoo zake, kwa kunitazama mimi badala ya kumtazama Mungu.

"Funguo ni tatu," nikasema.

Hawakunisikia. Nikapiga meza kwa nyundo.

"Mwachieni! Funguo ni tatu. Wa tatu nimeuchonga mimi, Jumatano, hapa nilipokaa. Kaja na kifuniko cha tangi mwenye gereji ya huyu bwana. Nendeni gereji."

Dereva akasema polepole, "Jumanne nilipeleka pikipiki gereji. Kifuniko nilifungua mwenyewe, nikachomoa ufunguo. Akasema mpira wake umekwisha, akabaki nacho, akanipa kesho yake."

Bosi alikuwa mwepesi, hilo nalo simnyimi. Alicheka. "Mama anamwonea huruma mtu wa nyumbani. Kila siku si mnasema huyu hachongi bila pikipiki? Na kifuniko hakina ufunguo mzima, hata mimi nisiye fundi najua. Angeupataje?"

Wakanigeukia. Swali lilikuwa zuri kuliko mwenye kuuliza.

Nilichukua ufunguo mpya ambao haujachongwa nikaufunga kwenye jiliwa. Nikamwambia dereva azibe wake kwa kiganja, na mwenyekiti ashike kile kifurushi mkononi. Nikawapa mgongo wote wawili. Sikuwasha mshumaa. Nilipiga tupa bonde la kwanza, la pili, la tatu, mpaka la sita, na wakati wote sikuitazama kazi, niliitazama barabara. Unga wa shaba ulikuwa unaniingia kwenye kucha. Nilipomaliza niliufuta kwa kanga nikampa mwenyekiti, nikamwambia auweke sambamba na wa shingoni.

Aliziinua zote mbili juani, mmoja mgongoni mwa mwingine. Mwanga haukupita katikati.

Nilidhani watapiga kelele. Nilidhani watamgeukia bosi, na baadaye walimgeukia. Lakini kwanza mwenyekiti alishusha mkono, akautazama ule ufunguo mpya, akanitazama mimi, kisha akatazama kopo.

"Mama," akasema. Hakuniita fundi. "Na wa pikipiki yangu unao hivyo hivyo? Mkononi?"

Baba alikuwa akiosha mkono kila amalizapo ufunguo ili asije akaulizwa swali hilo.

"Ninao," nikasema.

"Na wa huyu?"

"Ninao. Za wengi ninazo."

"Kwa nini ulimchongea yule mtu?"

"Aliniambia siwezi."

Hakuna aliyecheka, na ningefurahi kama wangecheka.

Pikipiki waliikuta gereji, nyuma, chini ya turubai, namba zimeshang'olewa. Mtalaka wangu akasema imeletwa na mwenye mali, na mwenye mali ni mwenye kadi, yeye ni fundi tu, anatengeneza anachoambiwa. Hakusema uongo hata kidogo, ndivyo alivyo. Bosi aliposimamishwa mbele ya wazee wa mtaa alieleza kwamba alikuwa anajihami, na kwamba kuna utaratibu. Wazee wakamwambia naye afuate wa kwao: dereva amalizie wiki tatu zake, na siku ya mwisho kadi ikabidhiwe mbele yao. Ikakabidhiwa. Bosi akapata uhamisho baadaye, sijui wapi, na huko nako bila shaka samaki wana miba. Mtalaka wangu yupo palepale. Tukikutana hunisalimia kwa sauti kubwa kuliko zamani, na mimi bado navuka barabara.

Kopo langu lilikwisha ndani ya siku tisa. Walikuja wawili wawili, bosi na dereva wake, kwa adabu zote, wakaomba kifurushi chao. Hakuna aliyenitukana. Mmoja alisema anasafiri, mwingine alisema mkataba umebadilika, wengine hawakutafuta hata sababu. Niliwapa, nikawaonyesha selotepu ilivyo nzima, wakasema ahsante bila kuitazama. Sasa nimetia springi humo.

Dereva wa Kidahwe alikuja wa mwisho. Kadi ilikuwa kwenye mfuko wa shati, inaonekana kwa juu, na alikuwa amenyoa. Alivuka barabara kama zamani, akasimama mbele ya meza.

"Habari za kazi," akasema.

Mtu aliyenipa shikamoo akiwa ameshikwa kola. Nikajibu nzuri.

Nikampa kifurushi. Nikamwambia, haraka kidogo kuliko nilivyotaka, kwamba swichi ile haifai tena kuaminiwa, huenda kuna ufunguo bado unazunguka, na mimi nitambadilishia vibati vyote, vya swichi na vya kifuniko, na kumchongea funguo mbili mpya. Sitaki kitu. Akae palepale aone kwa macho yake.

Alifikiri. Alikuwa mtu wa kufikiri, na nadhani alitaka nimpe sababu ya kukubali.

"Ukinibadilishia," akasema, "utaukumbuka?"

Tangu Jumamosi ile nilikuwa nimeanza kuosha mkono. Kila ufunguo, bati bovu, tupa ovyo ovyo, kumi na tano, ishirini, mpaka vidole vikatoka malengelenge. Funguo za watu wengine zilikuwa zinafifia kidogo kidogo, naapa. Wake ulikuwa haufifii. Nilijua kwamba hata nikimchongea mpya nikiwa nimefumba macho na kuziba masikio, mkono wangu utaubeba mpaka kaburini. Ningeweza kumwambia hapana. Neno moja tu lilihitajika, na alikuwa amesimama pale akiningoja nilitamke.

"Nitaukumbuka," nikasema.

"Ego," akasema, kwa lugha ya kwao, kama anayekubaliana nami. Akatia kifurushi mfukoni, akavuka.

Alikwenda kubadilisha kwa yule wa stesheni. Nimejua kwa sababu ufunguo wake hukwama. Kila asubuhi yuko ng'ambo pale, anaingiza ufunguo, anautikisa, anautoa, anaupuliza, anauingiza tena. Mimi nikiwa nimekaa hapa hapa nasikia kasoro ilipo. Ni kibati cha tatu, kimeachwa kirefu. Ni kazi ya tupa mbili, tatu zikizidi. Wenzake humtania kwamba pikipiki yake mpaka aibembeleze.

Wiki iliyopita uligoma kabisa. Abiria wake, mama mmoja mwenye ndoo ya dagaa, alingoja kidogo kisha akapanda ya mtu mwingine. Nilijikuta nimesimama, tupa mkononi, nimefika ukingoni mwa barabara. Akainua macho akaniona. Tulitazamana, magari mawili yakapita katikati yetu. Kisha akaufungia ufunguo shingoni, akaitoa pikipiki gia, akashika usukani kwa mikono miwili, akaanza kuisukuma, na jua lile, kuelekea stesheni.